Asubuhi munane ku mulango ya bokilo

Leo haya imenipata, na ilinipata nimekaa, kijiko mu mukono, mbele ya bokilo.

Naandika na kidole moja, basi musinisukume. Sisi bazee ba toleka, benye tulibebaka batu na baiskeli, tulipatana mu hii groupe: mutu akipata jambo, aseme mwenyewe, mbele batu bengine hawajamusemea. Bon, nasema. Gaspard, kama unasoma, kaa kwanza chini. (Najua magoti yako.)

Ni jambo ya mbio. Eh, mbio. Mimi! Mimi mwenye nilibeba batu nyuma ya kinga, ile baiskeli yangu, miaka yote ile, na mama moja ya Mangobo alishuka siku moja katikati ya njia, akasema afazali amalizie na miguu, juu majani yake ya sombe inanyauka. Ile mama alikufa, Mungu amupokee, lakini batoto yake bangali banaisema.

Donc. Jumatano ya juma yenye ilipita, nilienda kuomba pikipiki ya bokilo. Kwa benye hawajue: bokilo yangu ni Jean-Bosco, mwenye alioa binti yangu Régine. Na munajua vile kwetu bokilo iko. Siyo mutu ya kuzoea. Haukule ovyo mbele yake, hauseme ujinga mbele yake. Akikuona mu haya siku moja, ile haya hailale, inabaki mu jamaa mpaka batoto ya batoto. Miaka kumi na moja nilichunga heshima yangu kwa Jean-Bosco kama yai. Nikienda kwake nakunywa maji, nasema asante, naenda zangu.

Alinipatia ufunguo na mikono mbili. Akasema na sauti ya chini, na «nyinyi» ya heshima: «Papa, iko na ugonjwa kidogo. Muende tu ku soko, musivuke daraja.» Nikasema ndiyo bokilo, ku soko.

Nikavuka daraja.

Ndugu yangu mwenye analima ngambo ya muto Tshopo, ku njia ya Banalia, aliniwekea mukungu ya makemba, ndizi za kupika. (Na tena, mutu akikukataza daraja, ile daraja inaanza kukuita. Nasema kweli yangu.) Ile njia munaijua. Mashimo, na ndani ya mashimo, mashimo ingine. Lakini kuna kipande moja ku mutelemuko yenye ingali muzuri, sijue ilisahauliwa namna gani. Nilifika pale nikirudi. Hakuna mutu. Makemba imefungwa nyuma. Nikajisemea: Bernard, miaka makumi saba na mbili, na haujapiga mbio hata siku moja mu maisha yako.

Nikazungusha mukono mpaka mwisho.

Pikipiki ikalia. Upepo ikaingia mu shati, nikavimba. Kofia yangu ya misa ikaruka, sikuigeukia hata kidogo. Miti ilikuwa inapita, nawaambia, inapita.

Hapo ndiyo nikaiona. Mashini. Imesimama na miguu tatu pembeni ya njia, na jicho moja, inaniangalia. Nyuma yake kijana na gilet ya manjano, ameinama, amefunga jicho moja. Mbali kidogo mwenzake ameshika fimbo murefu, nyekundu na nyeupe. (Nikawaza: ile ni ya kupiga benye banakimbia.) Ule wa mashini akainua kichwa, akaandika kitu mu kaye, akaniangalia tena, akainua mukono na kuita. Nikafanya kama mutu mwenye hasikie. Nilirudisha pikipiki, nikasema asante, nikaenda kwangu.

Kuna motard, kijana wa taxi ya pikipiki, mwenye anasimamaka karibu ya kwangu. Nikamuuliza: mashini ya miguu tatu na jicho moja ni nini? Hakuwaza hata kidogo. Radar. Alinielezea kama mwalimu: jicho inashika namba ya plaque, plaque inasema jina ya mwenye pikipiki, kisha mutu ya roulage, polisi ya njia, anapeleka convocation, barua ya kukuita, ku nyumba, mbele ya majirani yote, na amende iko ndani, faini ya kulipa. Nikauliza, ku nyumba ya ule mwenye alikuwa anaendesha? Akasema: «Hapana, papa. Ya mwenye pikipiki.»

Ya mwenye pikipiki. Kwa Jean-Bosco. Kwa ule mwenye aliniambia nisivuke daraja.

Kesho yake mutaa yetu yote ya Mangobo ilijua radar imefika. (Motard hafunge mudomo. Na mimi pia niliongezea ile mashini jicho ya pili.) Siku mbili nzima pikipiki zilitembea kama ziko zinasindikiza maiti ya mutu mukubwa. Kuku zilivuka njia bila kuangalia. Nilienda hata kuuliza polisi moja ku rond-point, polepole, kama mutu mwenye anauliza bei ya chumvi: kweli mulipata mashini? Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema: «Ulipita siku gani, papa, na saa ngapi?» Akatosha bic ya kuandika mu mufuko. Nikakumbuka niliacha sufuria ku moto.

Basi nikatafuta akili. Kama convocation itafika kwa Jean-Bosco, inikute mimi ku mulango. Nitaipokea, nitaitia mu mufuko, nitaenda kujitetea mwenyewe, na bokilo hatajua kitu. Nilijiona mwerevu sana. Tangu Alhamisi, saa kumi na mbili ya asubuhi, mutu wa kwanza ku mulango ya Jean-Bosco alikuwa mimi.

Nitasema nini? Nilisema nilikuwa napita.

Siku ya kwanza Régine akanitolea kiti na chai. Siku ya pili, chai na mukate. Siku ya tatu akaona saa sita ya midi inanikuta pale pale, akaniletea lituma, makemba ya kutwanga, na samaki. Kukatala chakula ya mutoto yako ni kama kumulaani, nikakula. (Ile lituma ilitwangwa mpaka ikawa laini kama mutoto muchanga. Siwezi kudanganya.) Siku ya tano sahani yangu ilikuwa na pahali yake. Baba ya bibi, anakula kwa bokilo kila siku, kama mupangaji! Na Jean-Bosco alikuwa anapita na kichwa chini, «Mbote, papa», anaenda ku kazi, juu heshima haimuruhusu kuniuliza: munafanya nini hapa?

Ile siku ya tatu, Jumamosi, mama moja ya chorale ya kanisa alifika na barua. Imefungwa. Jina ya Jean-Bosco juu, na muhuri. Nikasema, lete, nitamupatia mwenyewe. Miwani ilibaki kwangu, na hata nikiivaa, mimi na barua ya Kifaransa tunasalimianaka tu kwa mbali. Nikaitia mu mufuko ya koti. Kuifungua, sikuifungua, juu mutu hafungue shimo yenye anajua nyoka iko ndani. Nikawaza tu: roulage wanatuma bamama ya kanisa sasa, inchi imeendelea. Na kama moja imefika, ya pili itafuata, ile ya kukumbusha. Basi nikaendelea kukaa. Na kukula.

Leo asubuhi nafika, nakuta viti imepangwa mu parcelle, mbele ya nyumba.

Bibi yangu Mama Véro, amevaa kikwembe ya Jumapili. Tonton Alphonse, kaka yake mukubwa, mwenye anatokaka tu kwa matanga na kwa mahari. Régine. Na Jean-Bosco, siku ya kazi, amekaa. Mbele ya kiti yangu, sahani ya lituma imeshafunikwa. Nikajua: imefika. Ilipitia mulango ingine.

Nikakaa. Tonton Alphonse akakohoa, akaniambia: «Bernard, hatukuje kukupatisha haya. Jambo tunaijua, hata majirani banaijua. Useme weye mwenyewe.»

Mama Véro akasema, macho chini, ati kosa ingine ni yake.

(Hapo ningesimama. Ningeuliza: yako namna gani, na haukuwa ku pikipiki? Lakini mutu mwenye kosa haulizake.)

Nikashika kijiko, hata sijue juu ya nini, na nikasema yote. Daraja, nilisema. Makemba, nilisema. Mutelemuko, upepo, kofia, mashini. «Bokilo, nilipiga pikipiki yako mbio mpaka miti haikuonekana tena. Ningeua mutu. Convocation ni hii.» Nikatosha barua mu koti, nikaiweka juu ya meza, karibu ya lituma.

Kisha Tonton Alphonse akauliza polepole: «Mbio gani, Bernard? Sisi tulikuja juu ya njaa.»

Njaa. Batu ba avenue walikuwa wanasema Mama Véro haniwekee tena chakula, ndiyo juu ya ile nimehamia kwa bokilo. Bamama ku pompe ya maji wakaanza kumuangalia na huruma. Muke mwenye alinipikia miaka makumi ine! Ndiyo alienda kumuita kaka yake, aniulize mbele ya batu nini inakosekana mu sufuria yake. Na alikuwa amelia usiku, niliona ku macho. Hapo ndiyo nilianza kusikia haya ya kweli, siyo ile ya kuchekesha.

Jean-Bosco akafungua barua. Chorale walimuita akae mbele siku ya Jumapili, yeye kama parrain, mugeni wa heshima, ya sikukuu yao. Jumapili ilishapita. Kiti yake ilibaki wazi mbele ya kanisa nzima, na tangu ile siku wanapita karibu yake bila kumusalimia, na yeye alikuwa anajiuliza aliwakosea nini. Akaikunja barua mara ine, akaitia mu mufuko ya shati.

Hapo hapo mutu akabisha. Gilet ya manjano. Kijana wa mashini, kofia yangu mu mukono.

Ndani ya ile kofia Mama Véro alishonaka jina yangu na avenue, juu ku misa kofia za bazee zinafanana zote. Kijana alienda kwangu, na majirani wakamujibu: Papa Bernard? Asubuhi anakulaka kwa bokilo yake.

Nikasimama, mikono mbele kama mwizi. Nikamuambia aandike jina yangu tu, ya Jean-Bosco aifute. Kijana akaangalia batu bote, moja moja. Tonton Alphonse ndiyo akamuelezea habari ya radar.

«Lakini papa, ile mashini haipime mbio,» kijana akasema. «Inapima barabara.»

«Kupima barabara ya kufanya nini?»

«Juu itengenezwe.»

Hapo ndiyo batu walicheka mara ya kwanza. Hata Mama Véro, na macho yake mekundu. Tonton Alphonse akajifuta na leso, akasema yeye radar alikuwa anaiamini.

Municheke, lakini munijibu kwanza: nani kati yenu ameshaona mutu anapima ile njia? Amende, sisi bote tunaijua sura yake, hata mu giza. Barabara yenye inakuja kutengenezwa, tungeitambua na nini?

Kijana alijisikia vibaya kidogo, nafikiri. (Alisoma miaka mingi kwa ile kazi.) Nikataka kumurudishia heshima yake, na yangu kidogo. Nikamuuliza, sasa ulinyanyua mukono juu ya nini?

«Juu ya kofia. Ilianguka. Niliwaita, hamukusikia, basi nikaiokota nikawafuata mbio.»

«Ulinifuata na pikipiki?»

«Na miguu, papa.»

Ningenyamaza. Ningesema asante, nikavaa kofia. Lakini ule mwenye alipiga mbio mara moja mu maisha yake anataka kujua. Nikamuuliza alinifuata mpaka wapi.

«Mpaka chini ya mutelemuko. Ilibaki kidogo niwashike ku makemba. Lakini nilivaa bottes, na moja ilikuwa inatoka ku muguu.»

Jean-Bosco, mwenye hajanikatalia neno hata moja miaka kumi na moja, aliangalia chini, akasema na heshima yote: «Papa, ndiyo ile ugonjwa nilisema. Haipite vitesse ya pili, gia ya tatu haiingie.» Akaluma mudomo. Akaomba ruhusa, akaenda nyuma ya nyumba. Tukamusikia. Miaka kumi na moja ya heshima ilienda nyuma ya nyumba, ikacheka mpaka ikakohoa.

Mimi nilikuwa nawaza imeisha. Tonton Alphonse akanikalisha tena. Akasema: ya mbio hakuna, lakini amende ungali nayo. Ya kukula kwa bokilo, ya barua ya mutu, na ya jina ya sufuria ya dada yangu. Akakata hivi: nilete jogoo mukubwa mbele jua haijalala. Mama Véro ataipika kwetu, inje, mulango wazi, avenue yote ione nani ananilisha. Na Jumapili nisimame mwenyewe mbele ya chorale, niseme barua ililala wapi. Nilikubali yote. Juma nzima nilichunga mulango juu ya ile amende, na nilipokuwa naichunga ndiyo nilikuwa naitengeneza.

Lituma yangu walimupatia kijana wa barabara. Aliimaliza. Na yeye alisema ni laini.

Sasa, mutu wa hii groupe akinikuta ku njia leo, asicheke, aniachie nipite. Gaspard, weye upite hata njia ingine. Jean-Bosco alirudi na machozi mu macho, akanipatia ufunguo ya pikipiki na mikono mbili, niende kutafuta jogoo. Nikamurudishia.

Naenda na miguu. Niko na haraka.