Stika ya Nyumba Namba Mbili

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nekesa amekufa. Mke wangu. Presha, hospitali, tarehe ishirini na tano mwezi uliopita. Tukamzika juzi Jumamosi, nyumbani Bungoma. Leo nimefika Kitengela na basi. Mdosi wangu, Mbugua, mwenye kuku, amenipa likizo mpaka Jumatatu ijayo.
Chumba changu cha mabati kiko nyuma ya nyumba za kuku. Namba moja ni ya Kisemei, tunafanya kazi pamoja. Namba mbili ni yangu. Kuku mia tano kila nyumba.
Nimekuta kitu kipya kwa ukuta wa namba mbili. Nyembamba kama plasta ya kidonda. Unaikunja, inakunjika. Na kwa namba moja ya Kisemei iko nyingine hivyo hivyo.

Jumanne, 8 Julai
Mbugua ameeleza. Msichana wa kompyuta, Shirleen, ndiye alileta. Anaiita sensor. Mimi naiita stika. Inapima joto, unyevu na gesi, inatuma kwa simu ya Mbugua. Betri ni kama punje ya mahindi, eti inakaa mwaka. Mwaka! Tochi yangu haikai wiki.
Halafu akatoa habari. Simu ikijua yote, mtu mmoja anatosha. Ataangalia mpaka Jumapili. Mwenye nyumba ya hewa mbaya, aende.
Yangu ndiyo mbaya. Maranda ya kulalia kuku haijageuzwa tangu nisafiri. Kisemei alikuwa analisha kuku wangu, lakini maranda aliacha. Anasema mavi ni ya mwenyewe.
Kisemei akauliza kwa nini sigeuzi sasa, ni kazi ya saa mbili. Nikamwambia kwetu mtu wa matanga hashiki sepetu. Akasema pole, hakujua. Nimemdanganya. Ni mgongo unauma.

Jumatano, 9 Julai
Nimefikiria. Stika haijui kuku. Inajua hewa tu. Nimeibandua na kisu, nimeibandika kwangu, juu ya kitanda. Kwangu hakuna kuku.
Saa sita Mbugua amepita akiwa na furaha. Kwa simu namba mbili ni kijani kabisa, hewa safi! Ya Kisemei imekuwa manjano. Akamuuliza Kisemei kama amelala. Mimi nikaangalia viatu.
Zamani pua ilikuwa Nekesa. Alikuwa anapita tu kwa mlango wa kuku, anasema Nalianya, geuza maranda, kuku wanatoa machozi. Mimi sinusi. Miaka kumi na mbili ya kuku imeua pua.

Alhamisi, 10 Julai
Kina mama wa kanisa wamekuja kunifariji. Nyaguthii mbele. Kumi na tisa kwa chumba kimoja. Wameimba, wamelia, wamechemsha chai sufuria mbili.
Simu ya Mbugua ikawa nyekundu. Akapigia Kisemei, eti kuku wa namba mbili wanatoa jasho, fungua mapazia haraka. Kisemei akakimbia. Akakuta kuku wamekunja shingo kwa baridi.
Akaja kwa mlango wangu. Akaangalia kina mama. Akaangalia juu ya kitanda. Akauliza ile ni nini. Nikasema plasta. Akauliza ukuta umeumia wapi.
Nyaguthii akamwambia aingie, wanaanza wimbo mwingine. Akakataa. Alisema huko ndani kuna jasho.

Ijumaa, 11 Julai
Kisemei amekuja asubuhi. Akanisalimu Kimaasai, sopa, mzee. Nikajibu ipa. Akasema rudisha hiyo kitu, na yeye atashika sepetu kwa niaba yangu, kwa sababu ya matanga. Saa moja tu.
Nimekataa. Mtu mnashindana naye kazi, halafu anakusaidia? Huo ni mtego. Mimi si mtoto.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika jioni. Kichwa kinagonga.
Asubuhi baridi ilikuwa ya kuua. Nikaingiza jiko ndani. Dirisha nikaziba na leso ya Nekesa. Huyo mwanamke alikuwa hapendi jiko ndani. Mimi nafunga dirisha, yeye anafungua. Miaka ishirini. Leo hakuna mtu amefungua. Nikasema, sasa nimeshinda. Nikalala kidogo.
Nikaamka kwa nyasi. Nje. Kisemei ananipiga makofi. Mbugua amesimama juu yangu na simu inalia kama ambulansi. Kumbe stika ilitengenezwa ijue hata gesi ya makaa, kwa sababu watu huwasha jiko kupasha vifaranga joto. Nikatapikia gamboti za Mbugua.
Mbugua anasema alikimbilia kuku. Kisemei hakuangalia hata kuku mmoja. Alikuja moja kwa moja kwa mlango wangu, akapiga teke.
Mlango umevunjika bawaba zote mbili. Mtu wa adabu angebisha.

Jumapili, 13 Julai
Mbugua amekuja baada ya kanisa. Nikajua nimefutwa. Nikakunja hata blanketi.
Akaniita mjinga. Akaniita mwizi wa hewa. Halafu akasema nibaki. Simu inajua yote lakini haishiki sepetu. Na Kisemei amemwambia hataki nyumba mbili, Nalianya akienda na yeye anarudi kwao kuchunga ng'ombe. Sijui Kisemei anataka nini kwangu. Nitamchunguza.
Shirleen amerudisha stika kwa namba mbili na gundi mpya. Anasema hii haitoki. Tutaona. Kisu nimenoa.
Jioni baridi tena. Nimeingiza jiko. Nimeziba dirisha na leso. Chai haijachemka, naona leso inavutwa kutoka nje. Inaenda! Nikachungulia. Kisemei. Ameikung'uta, ameianika kwa waya, akaenda kwake. Hata mlango bado hajatengeneza, upepo unaingia tu. Jirani mbaya. Kesho nitaziba na gunia, nigonge na misumari.
Kosa langu limeonekana. Stika haikutaka kwangu. Kwangu kuna jiko na kina mama. Kuna mahali pazuri zaidi, sebule ya Mbugua. Hakuna makaa. Hakuna mtu anaimba. Sofa tu. Nyuma ya pazia hataiona.
Sepetu iko wapi, nimesahau. Kisemei atajua.
Kesho narudi kazini.