Zoezi la Moto Nyumbani Kwangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima!

Tangu jiko la jirani liungue, na jumbe kutangaza kwamba kila nyumba iweke maji na mchanga tayari, nimekuwa nikiwafundisha wanangu. Nikipiga debe, Mwajuma anambeba mtoto mchanga, Hamisi anafungua mbuzi, mama yao anatoa sanduku la nguo. Mimi napiga debe. (Ndiyo kazi ya baba mwenye nyumba, msiniulize.)

Leo mchana nikaona niwapime bila kuwaambia. Mke wangu kaenda sokoni, watoto wanacheza mbele ya nyumba. Nikawasha majani mabichi pembeni mwa ua, maana bila moshi nani ataogopa? Nikasimama mlangoni pa bafu letu la mabua, nikapiga debe. "Moto! Moto!"

Hamisi akafungua mbuzi. Safi kabisa! Nikatabasamu.

Mara Mwajuma akatoka ndani mikono mitupu. "Baba, mtoto hayupo!"

"Tazama kitandani!"

"Nimetazama, baba. Hayupo!"

Roho ikanipaa. Nikasahau kwamba moto nimeuwasha mwenyewe. Wallahi nilisahau! Nikapiga yowe la kweli, na kwetu Unyamwezi yowe halina mjadala, kila mwanamume anakuja mbio. Wakaja. Hakuna aliyeuliza kitu. Penye nyumba za nyasi huulizi, unapanda juu na kung'oa paa kabla moto haujarukia kwa jirani. Nyasi zikaanza kunidondokea kichwani. Nikataka kuingia ndani, jirani akanikamata kiunoni. Basi nikaanguka chini pale pale mlangoni pa bafu, nikalia kwa sauti, machozi na kamasi.

"Mwanangu! Nimemuua mwanangu!"

Hapo mikono miwili ikachomoza juu ya ua wa bafu. Imemshika mtoto wangu, mzima, povu mwili mzima, anacheka!

"Mwajuma," sauti ikasema taratibu, "mpokee mdogo wako."

Mungu wangu! Sauti hiyo naijua. Mama mkwe! Kumbe kafika kwa treni ya asubuhi kutoka Goweko, kapitia mlango wa nyuma, anamwogesha mjukuu wake, nami sina habari. Tangu nioe sijasimama naye uso kwa uso. Nikimwona njiani naingia porini mpaka apite, ndiyo heshima ya ukwe. Na leo nimemfungia bafuni na moshi juu!

"Bibi, mbona hukutoka?" Mwajuma akauliza.

"Nitatokaje, mjukuu wangu, na baba yako kaziba mlango? Afadhali niungue."

Waliokuwa juu ya paa wakaacha kung'oa. Mmoja ilibidi akumbatie boriti asianguke kwa kicheko. Mimi niliinuka nikaruka ua, debe mkononi, sikugeuka nyuma. (Mtoto nilimbusu kwanza, sabuni na yote.)

Sasa nimejificha kwa rafiki yangu. Mke wangu kanifuata na salamu: mama yake anashukuru kwa mapokezi, ila kesho anarudi kwake, kwenye nyumba yenye paa.

Tafadhali msinicheke. Anayeshindwa kujizuia, aje kwanza na mzigo wa nyasi.