Taa Zangu na Ukuta wa Felisiani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimedharauliwa kistaarabu. Leo kamati ya mapokezi imekaa kuchagua gari la kumleta mjini Padri Isdori, padri mpya, mzaliwa wa Mpui. Nikajitolea Carina yangu. Mwenyekiti, Mama Kristiana, akasema asante Evaristi, ila taa zako zinamulika kunguru mitini, tutakaopishana nao alfajiri wataishia mtaroni. Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni jirani yangu Felisiani, mwenye Noah. Uamuzi ni Alhamisi.

Kwa fundi wa Majengo siendi. Ana mdomo. Nitazirekebisha mwenyewe, nyumbani.

Mke wangu Coleta anasema nianze kwa kushusha magunia manne ya mahindi yaliyoko kwenye buti tangu wiki iliyopita. Nimemwambia tunazungumzia taa, si mahindi.

Jumanne, 15 Julai

Nimesoma kwenye simu. Kazi ndogo. Gari linasimama tambarare, hatua kumi kutoka ukutani. Unapima kimo cha taa, unachora alama ukutani kwa kimo hicho, unazungusha skrubu nyuma ya taa mpaka mwanga utue chini kidogo ya alama.

Ukuta wangu umepinda. Wa Felisiani umenyooka, na juzi tu kaupaka chokaa nyeupe. Saa moja jioni yeye na mkewe wakaenda sala za Jumuiya. Mimi nilisingizia tumbo, nikaliegesha gari mbele ya ukuta wao. Nikachora misalaba miwili kwa mkaa, mmoja kwa kila taa. Baridi kali, nikachora harakaharaka, misalaba ikalala upande. Nikazungusha skrubu. Mwanga ukashuka polepole kama mzee anayetafuta kiti. Nikacheza peke yangu uani.

Sala ziliisha mapema. Sikuwahi kufuta alama.

Jumatano, 16 Julai

Felisiani kanigongea asubuhi, uso umempauka. Akauliza kama nimewaona watu wa barabara. Ukuta wake umewekwa X. Tena mbili. Moja maana yake bomoa, sasa mbili je? Nikafikiri kidogo, nikasema labda ni kubomoa haraka. Sijui ulimi uliyatoa wapi. Nilimpa pole ya dhati kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Felisiani kashinda ofisi ya mtaa, halafu manispaa, na picha za ukuta kwenye simu. Kila ofisi inasema haizijui hizo X, naye anazidi kuogopa. Kikaoni hakutokea.

Baada ya kikao, giza likiingia, Mama Kristiana akazikagua taa mwenyewe. Akasimama mbele ya gari, mwanga ukamwishia kiunoni. Akasema, “Evaristi, nilikudharau bure.”

Nimechaguliwa. Nikaruka mtaro wa kanisa kwa furaha. Goti linauma, roho haiumi.

Ijumaa, 18 Julai

Buti liwe tupu kwa ajili ya mizigo ya padri, kaagiza Mama Kristiana. Nimeshusha magunia yote manne. Coleta kayahesabu kwa sauti. Gari limekuwa jepesi, pua imeinama kwa unyenyekevu.

Msafara wa magari manane umefika Mpui mchana. Tunalala nyumbani kwao Padri Isdori. Ugali wa ulezi, maharage, vigelegele. Felisiani kaja pia, hana raha.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Giza totoro. Nikawasha taa, nikaona hatua tatu za vumbi, basi. Hapo ndipo nilipoelewa: mzigo wa nyuma ndio uliokuwa unainua pua. Taa hazikuwa na kosa. Nilizishusha kwa sababu ya mahindi, na mahindi yako nyumbani.

Nifanyeje? Padri kakaa pembeni yangu, magari saba yako nyuma. Nikaenda mwendo wa kinyonga. Padri akasema ameupenda, ni mwendo wa tafakari. Njia ya vumbi ikagawanyika. Nikashika upande niliouona. Baada ya nusu saa taa zikamulika kwato.

Tulikuwa ndani ya zizi la mzee Meshack, mfugaji wa Kisukuma. Magari yote manane, ng'ombe kila upande. Mzee akatoka na blanketi begani, akauliza kama tumekuja kununua. Padri Isdori akashuka, akampa shikamoo, akacheka mpaka akaegemea fahali. Mzee akaomba ng'ombe wake wabarikiwe. Wakabarikiwa mmoja mmoja. Kisha maziwa kwa wote.

Misa ya mapokezi mjini, ya saa moja asubuhi, ilianza saa tatu. Kutoka zizini aliongoza Felisiani, na padri akiwa ndani ya Noah.

Jumapili, 20 Julai

Coleta kamweleza Felisiani habari ya zile X. Felisiani hakugomba. Kaniletea ndoo ya chokaa na brashi, akavuta kiti, akakaa kuniangalia nikipaka ukuta wote, hata upande usio na alama.

Nilipokuwa napaka nimetafakari kwa kina. Kazi yangu ilikuwa sahihi. Walioharibu ni waliotaka buti tupu.

Ila breki zinalia kidogo. Nimeshafungua gurudumu la mbele. Coleta kauliza kama nimempigia fundi. Nimemwambia breki ni rahisi kuliko taa: hazihitaji ukuta.