Mpini wa Pili

Jumatatu, 2 Oktoba
Bi Leitner anakuja Ijumaa kutoka Austria kuitazama mashine yangu ya kupasulia kuni. Akiinunua, karakana imepona. Asipoinunua, karakana inakwenda kwa Minko, mtengeneza mashine mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ameshaanza kuipima milango kwa macho. Kwenye simu mama huyo aliuliza kitu kimoja tu: ina alama ya CE ya usalama? Bila hiyo haiuziki kwao. Kisheria haiuziki hata hapa Bulgaria, lakini nani anauliza? Nikamjibu ipo. Na ipo kweli: nimenunua stika zake sokoni, kwenye meza ya soksi. Stoyanka, mke wangu, kasema alama hubandikwa na aliyeipima mashine, si na mwenye gundi. Anafundisha kemia. Ana jibu la kila kitu.

Jumanne, 3 Oktoba
Minko kaja kunywa rakia, pombe yetu kali ya matunda, ambayo sikumkaribisha. Kaiona stika, kacheka mpaka kakaa chini. "Jirani, mpini wa pili uko wapi?" Mashine yake ina miwili: mpaka uikamate yote, mkono huu na huu, ndipo kabari ishuke. Hivyo hakuna mkono unaobaki wa kukatwa. Nikasema wangu uko kwa fundi rangi. Uongo. Mchana kutwa nimechomelea mpini mwekundu. Haujaunganishwa na chochote, lakini unapendeza sana.

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimesalitiwa! Shemeji Yordo, mume wa dada yangu na fundi wangu wa pekee, kauunganisha mpini nilipokwenda kunyolewa. Vifaa kaazima kwa Minko, kati ya watu wote duniani. Sasa ukishika mpini mmoja, mashine inakutazama tu. Ukishika yote, gogo linaanguka, maana hakuna wa kulishikilia. Nimemfokea. Kajibu taratibu: "Shemeji, gogo utaliokota. Kidole je?" Eti vipimo na karatasi za ile alama watamalizia yeye na Stoyanka. Haya, wamalizie. Hapa mtaani kila nyumba ina mashine kama hii, na kila mashine ina mkanda wa kufungia mpini mmoja, ili mkono mmoja ushike gogo. Marehemu mjomba alifunga maisha yake yote. Alihesabu mpaka tisa na hakulalamika.

Ijumaa, 6 Oktoba
Bi Leitner kafika. Kainama, kachungulia, kagusa kila nati. Yordo kapasua kwa mikono miwili, polepole kama padri anayebariki. Mama huyo kasema safi, ataichukua, na nyingine kabla ya Krismasi. Dada yangu kalia jikoni kwa furaha.

Hapo ilinipasa kunyamaza. Lakini nilimwona mama akitazama saa. Nikajua anaona inachelewa. Nikavua mkanda wangu, nikafunga mpini, nikamwonyesha kazi inavyofanywa. Gogo la kwanza. La pili. La tatu likaondoka na kidole gumba cha glavu. Changu kilikuwa kimekunjwa kiganjani kwa sababu ya baridi. Suruali nayo ikashuka. Bi Leitner alikaa juu ya gogo, akaomba maji. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Minko.

Yordo aliokota kile kipande cha glavu, akakishika kwa muda. Niliona aibu, kidogo.

Jumatatu, 9 Oktoba
Karakana imekwenda. Minko katuajiri mimi na Yordo, kwa sharti kwamba niape mbele ya Stoyanka: sitafunga mpini tena, popote. Nikaapa. Stoyanka alilia, nami machozi yalinitoka. Nilimaanisha kila neno.

Leo nimepewa kazi ya kuifuta vumbi mashine aliyoinunua Bi Leitner kwa Minko, kabla ya safari. Nikaijaribu. Inapasua kikonokono! Nikamhurumia mama wa watu, na baridi ya kwao ninavyoisikia. Nimemkazia mpini mmoja kwa waya, chini kwa chini, nikapaka rangi juu. Suruali nimebaki nayo. Minko kaizunguka mara moja, kasema nimeing'arisha vizuri. Lori limeondoka kabla ya chakula cha mchana.