Uzinduzi wa Maabara ya Bikari na Rula, Ngaramtoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Waheshimiwa Madiwani mliofika na mlioko njiani, Wachungaji, Mapadri, wazee wetu wa mila, shikamooni, kina mama wa kwaya, walimu na wanafunzi, kila mmoja kwa cheo chake na kiti chake, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mratibu Mwandamizi wa Maumbo ya Kijiometri, ninazindua Maabara ya Kisasa ya Bikari na Rula, ambayo kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya peke yangu, itawawezesha asilimia mia na kumi na mbili ya wanafunzi kuchora pembesita bila kupima pembe hata moja. (Vicheko. Mwalimu wa hesabu anakohoa.)

Ndugu wananchi, mwezi uliopita nilikuja hapa kukagua, nikamkuta Mwalimu Elinipa na wanafunzi arobaini wasio na bikari, wanachora uwanjani kwa kamba ya ndama iliyofungwa kwenye kigingi. Nikamwambia, "Mwalimu, hili halimo kwenye mwongozo." Akanikabidhi kamba. Nikazunguka kwa weledi mkubwa, na duara langu likatoka kama kiazi kitamu. (Vicheko virefu.) Ndipo binti wa kidato cha pili, Resiato, akaniambia, "Shikamoo mzee. Usilegeze kamba."

Akachora yeye. Kisha kwa kamba ileile, bila kuipunguza wala kuiongeza, akaweka alama sita juu ya duara, na ya sita ikamfikisha palepale alipoanzia. Mimi kama kiongozi machozi yalinilenga, nami kwenye ripoti nikaandika vumbi.

Mwalimu aliniomba bikari arobaini kabla ya mtihani wa taifa. Nikaona ombi hilo ni dogo kuliko dira yangu, ndiyo maana nikamjibu kwa maabara ya ghorofa mbili. (Makofi machache.)

(Resiato anasimama: "Na bikari, mzee?")

Zimo ndani ya maabara, binti.

("Maabara iko wapi?")

Swali zuri. Bikari, hoyee. (Hoyee.) Rula, hoyee. (Watu wanatazamana.)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa kuketi kwenye nyasi hizi, na namshukuru mkandarasi, ambaye hayupo, kama isivyokuwepo ramani, maabara yenyewe, wala kikao chochote kilichoipitisha. Kilichopo ni bikari hii moja, niliyojinunulia baada ya siku ile ili nijifunze nyumbani. Njoo uichukue, Resiato. Mimi duara bado linanishinda.