Vita Vyangu na Cherehani

Jumatatu, 9 Septemba

Ushindi. Kikundi chetu cha washona mifarishi kimekubali: maonyesho ya wiki hii yatakuwa na daraja la peke yake kwa kazi ya mkono. Mwaka mzima nimeipigania hoja hii. Nimegawa vipeperushi. Nimesimama ukumbini mwa kanisa mpaka kahawa zao zikapoa, nikawaambia mfarishi ni vipande vya kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, na mkono wa binadamu unaoshika tabaka hizo pamoja. Weka cherehani penye mkono, na ulicho nacho ni blanketi lenye makuu.

Marvella Tiedt alikaa mbele akitabasamu. Huyu ndiye bingwa wetu, na siku zote ameshinda kwa cherehani. Akaniuliza mfarishi wangu mwenyewe umefikia wapi. Nikajibu kwamba kimawazo umekwisha.

Kwa kweli imeshonwa pembe moja tu. Kwingine kote ni pini. Mtu hawezi kuandika na kushona kwa pamoja; hata jenerali hashoni viatu vya askari. Lakini nisipoleta mfarishi kwenye daraja nililolidai mwenyewe, jimbo zima la Iowa litanicheka mpaka mahindi ya mwakani. Nitaumaliza. Sina wasiwasi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeshona tangu kahawa ya asubuhi hadi mume wangu Merle aliporudi kutoka ghalani akiulizia chakula. Pete moja. Muundo wangu unaitwa Pete za Harusi, na mfarishi mzima umejaa pete. Merle akainama, akatazama, akasema kwa mwendo huu utatufaa kaburini, ila tulale tumebanana. Nilimpa maharagwe ya kopo.

Kidole kimetoboka ingawa nilivaa kastabini. Kastabini ilikuwa kwenye kidole kingine.

Nimelitafakari jambo hili kifalsafa. Cherehani naipinga kama desturi. Kama dharura sijawahi kuipinga, na yeyote aonyeshe nilipoandika hivyo. Kaunti ya jirani yuko mzee Lavern Kruse, zamani mfuga nguruwe, sasa hushonea watu mifarishi kwa cherehani ndefu kama trekta, iliyojaza banda lote. Nimempelekea mfarishi. Nilivaa miwani ya jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 12 Septemba

Lavern amemaliza. Nilikuwa nimemwomba aweke mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, ili ionekane kazi ya mkono. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Mama, mimi kushona vibaya sijafundishwa. Ukitaka vibaya, si ushone mwenyewe?" Mtu mkaidi. Kazi yake imenyooka hata inakera.

Nyumbani nimefumua mishono ya ukingo mmoja nikaishona upya kwa mkono. Nauita utaratibu huu kutia ubinadamu. Ukingo umepata ubinadamu mwingi. Umejikunja kidogo.

Tatizo limebaki nyuma ya mfarishi. Uzi wa mkono huzama na kuibuka, huacha mapengo. Wa cherehani hukimbia mfululizo kama reli. Mwanakikundi yeyote akiugeuza, nimekwisha. Basi nimejitolea kuwa mlinzi wa glavu. Kwenye maonyesho yetu mgeni haruhusiwi kugusa; akitaka kuona nyuma, anamwomba mlinzi mwenye glavu nyeupe amgeuzie. Nani atasimama kwenye mfarishi wangu? Mimi. Nani atakataa kugeuza? Mimi. Mpango hauna ufa.

Ijumaa, 13 Septemba

Siku ya wageni. Nilivaa glavu kabla ya milango kufunguliwa.

Bibi Opal Dreesman, mkongwe wetu, alijikokota kwa fimbo hadi kwangu akataka kuona nyuma. Nikamweleza kwamba nyuma ya mfarishi ni faragha ya msanii. Akanijibu kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri: "Binti, mimi nimezaa saba, na mapacha humo humo. Faragha gani utanifundisha wewe? Geuza." Nikamfafanulia tofauti kati ya kutazama na kuchungulia. Watu wakakusanyika. Niligusia haki ya mgongo, uroho wa macho, na kushuka kwa adabu katika zama hizi. Nadhani niliongea vizuri sana. Baadhi walivuta viti.

Marvella naye akaja na sahani yake ya pai. "Mwenzangu, mbona unaulinda hivyo? Una upele?" Wakacheka. Nikasema kikundi kinachocheka hoja kimekosa hoja. Wakacheka zaidi, ila mfarishi haukugeuzwa.

Kesho ni mwamuzi, mwanamke kutoka Nebraska. Nimemwona akishuka garini. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa. Nimefarijika.

Jumamosi, 14 Septemba

Kwetu mwamuzi hutoa maoni yake kwa sauti mbele ya wote, na jina la mwenye kazi hufunikwa. Mifarishi ya mkono ilianza. Wa kwangu ulipoinuliwa, ukumbi uliguna kwa kupendezwa. Nilitazama dari kwa unyenyekevu.

Mwamuzi akavua miwani. Kumbe bila miwani ndipo anapoona vizuri karibu. Akaugeuza, akapitisha kidole mara moja tu, akauliza kwa upole, "Huu wa mashine umefikaje huku?" Akadhani mezani pa kupokea wamekosea. Akauhamishia daraja la cherehani, akaendelea na kazi.

Nilikuwa nimepona. Jina lilikuwa bado limefunikwa. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa kimya, jambo ambalo mtu yeyote anaweza.

Lilipofika daraja la cherehani, akauinua tena. Akasema ukingo mmoja inaelekea uliguswa na mlevi, lakini kazi nyingine yote ni ya hali ya juu, na utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, ni wake. Mwenyewe asimame. Asipojitokeza, utepe utakwenda kwa wa pili.

Wa pili! Nilijua wa pili ni nani. Niliona Marvella akiutwaa tena, akitabasamu vilevile. Miguu yangu ilisimama kabla sijaiagiza.

Kisha Bibi Opal, kwa sauti yake ile: "Glenda! Karibu kwetu wa cherehani, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja." Ukumbi uliangua kicheko hata mmoja akamwaga saladi ya viazi. Kutoka meza ya vyakula mzee Lavern akanyanyua uma na kunipungia.

Wa pili alikuwa mtu wa mji wa Cedar Falls nisiyemjua. Marvella hakuwa na mfarishi wowote kwenye daraja la cherehani. Alisoma vipeperushi vyangu, akaacha cherehani yake, akashona kwa mkono baridi yote na kiangazi chote. Mishono yake imepinda kama njia ya ng'ombe. Matokeo ya daraja la mkono yaliposomwa mwishoni, alipata nafasi ya tatu. Akanijia akanionyesha vidole vyake vilivyotobokatoboka, machozi yakimlengalenga, akasema, "Dada, ulinifungua macho. Sijawahi kufurahia kushona namna hii." Akanikumbatia mbele ya watu wote.

Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani watu walinisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida. Merle anasema huo ni uungwana. Mimi naujua woga ninapouona.

Nimelichambua jambo lote na kosa nimeliona. Daraja la mkono halina viwango. Linampa nafasi ya tatu mtu anayeshona kama ng'ombe anavyotembea, na linavutia watoro kama Marvella, walioikimbia cherehani pindi tu walipopata mpinzani wa kweli. Lifutwe. Nimeanza kipeperushi kipya leo. Kimefika ukurasa wa nne na bado niko kwenye utangulizi.

Merle akauliza: mfarishi wa mwakani ataushona nani? Nikamwambia katika kila mapambano wako wanaoshona na wako wanaoongoza. Nikampigia simu Lavern. Amesema hatagusa tena kazi yangu, kwa sababu ya ule ukingo. Hasara ni yake.

Maana barabara ya kusini yuko mama mmoja wa Kiamishi, wale wa dhehebu lisilotumia umeme, anashona kwa mkono kwa malipo, mishono midogo iliyolingana kama punje za mtama. Kesho nitakwenda kumwona. Nikimwomba aibane kidogo tu, nani katika daraja la cherehani atakayejua kwamba si mashine?