Ua Lililokwisha Mlimani

Jumanne, 4 Machi

Ua la buluu la mlimani halipo tena porini. Kasema hivyo leo daktari wa mimea, mama mfupi mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni, moja kichwani. Mlima wenyewe ulisagwa kokoto. Huenda ukuta wa ofisi yetu ya gazeti ndio kaburi la ua hilo. Limebaki kwenye vyungu vya bustani yake tu, na yote yalikatwa kutoka shina moja. Ni mwili mmoja, kasema, na mwili mmoja haujioi. Halijatoa mbegu tangu yeye akiwa msichana. Linataka mgeni wa jinsi yake, na mgeni hayupo.

Akatuonyesha picha. Ua hilo nalipita kila Jumapili kwa mama mkwe, kwenye kopo la rangi, mlango wa jikoni.

Sikumwambia mtu. Mwandishi wa michezo alikuwa karibu, na yule masikio yake hufika kabla yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga hesabu zangu. Ua lililo jikoni kwa mama mkwe ni habari ya ukurasa wa tano. Ua lililogunduliwa porini ni ukurasa wa kwanza, na pengine litaitwa jina langu. Mwandishi wa michezo kakalia ukurasa wa kwanza wiki nzima kwa sababu ya goti la golikipa. Goti moja.

Mke wangu kasema kesho anampeleka mama yake kliniki ya macho. Bahati ikibisha hodi, mtu hufungua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeling'oa asubuhi. Kwenye kopo nimeacha ua la sokoni lenye majani ya kufanana. Mama mkwe haoni mbali kuliko pua yake. Hatajua.

Nikapanda kilima kilichobaki nyuma ya machimbo. Nikalichomeka kwenye ufa wa jiwe, nikapiga magoti kutafuta picha nzuri. Hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Upepo ulipita, ua likainama na kuinuka, kama mtu aliyerudi kwao na kukuta kiti chake hakijakaliwa. Nikasahau kubonyeza kamera. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Miguu ilikufa ganzi.

Kisha nikalifunga kwenye gazeti lenye maji, ukurasa wa michezo, nikashuka. Lilikuwa na matumba matano ambayo hayajafunguka. Nimefika chini na mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Daktari alipokea ua kwa mikono miwili, akavua miwani, akavaa ile nyingine. Kisha akachambua udongo wa mizizi. Akatoa majani ya chai. Akatoa ganda la yai. Akatoa kifungo cha shati. Akauliza, kwa upole kabisa, ni mlima gani huo unaokunywa chai asubuhi.

Nilianza kueleza kuhusu wapanda milima. Simu ikaita, mke wangu. Sikuwa nimefikiria kwamba kliniki ya macho hutoa miwani. Kitu cha kwanza mama mkwe alichokiona vizuri ni ua la sokoni.

Alikuja bustanini mwenyewe, mke wangu nyuma yake bila kunitazama. Hakupaza sauti. “Mkwe wangu, ungeniomba tawi ningekupa. Wewe umebeba mzazi mzima?” Ua alipewa na marehemu mama yake, aliyelichimba mlimani kabla ya mashine kufika.

Daktari aliposikia hayo akakaa chini. Basi ua hili si ndugu wa maua ya vyungu vyake. Huyu ndiye mgeni. Akahesabu matumba. Moja lilikuwa limeshanyauka njiani. Likifa na lililobaki, kasema, shina hili halina nguvu ya kutoa jingine. Akasema bila kunitazama. Leo hakuna anayenitazama.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alilala kwenye kiti kando ya chungu. Kasema tumba hufunguka jua likiligusa, lisiharakishwe.

Liligusa. Tumba likatetemeka, likaachia ukingo mmoja, kisha wa pili. Buluu ambayo sina neno lake, na katikati manjano kama taa iliyoachwa ikiwaka kwa ajili ya mtu. Nimeandika mafuriko, chaguzi na moto wa soko. Sikuwahi kusahau kalamu mkononi. Daktari alichukua brashi ndogo, akagusa ua la bustani, akagusa hili. Mama mkwe akanong'ona, “Haya mwanangu, umepata mwenzio.” Hata mwandishi wa michezo, aliyekuja kunicheka, alivua kofia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbegu zimekomaa, katangaza daktari leo. Nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta. Alizimimina kwenye sahani nyeupe na sote tukazuia pumzi, mbegu zisiruke. Mlima mzima ulikuwa kwenye sahani ile.

Habari imetoka ukurasa wa kwanza. Kaiandika mwandishi wa michezo. Picha ya mama mkwe, amependeza na miwani yake.

Mbegu zitapandwa Alhamisi saa tatu. Daktari anahitaji mtu wa kushika sahani, nami nimejitolea. Kasema nimebadilika. Mama mkwe kasema tutaona.

Kuna kilima kingine ng'ambo ya mto, hakuna aliyewahi kukipekua. Mbegu moja tu. Nimeshashona mfuko wa ndani kwenye koti.